Nilimwambia mdogo wangu "sema umemrudisha", tangu siku ile hanisemeshi

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, nina mke na watoto wawili, naishi Morogoro ambako nina duka dogo la spea za pikipiki. Kwetu ni Korogwe. Baba alifariki miaka sita iliyopita, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, tangu hapo kila kitu kimeniangukia: mama, mdogo wangu wa kike aliyeolewa hukohuko Korogwe, na mdogo wetu wa mwisho mwenye miaka 24, aliyemaliza chuo na bado anazunguka na bahasha ya vyeti.

Miaka mitatu iliyopita niliingia ubia na rafiki yangu, akaniachia madeni na kutokomea. Nilikuwa silali. Nilipopimwa nikakutwa na presha, nikaanzishiwa vidonge. Nyumbani nilikuwa mtu wa kufoka. Watoto wakisikia geti linafunguliwa wanakimbilia chumbani. Ndipo siku moja nikakutana kwenye simu na maneno ya Epictetus, yule mwanafalsafa wa Kigiriki aliyewahi kuwa mtumwa. Anasema yapo mambo yaliyo katika uwezo wetu na yapo yasiyokuwamo: tunavyoyapima mambo, tunachokitaka na tunachokikimbia ni vyetu, mwili, mali, sifa na vyeo si vyetu. Nilisoma, nikakaa juu ya tairi palepale dukani, nikalia. Mtu aliyenidhulumu alikuwa nje ya uwezo wangu miaka yote ile nami nilikuwa nambeba mgongoni.

Nikaanza kusoma kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Epictetus, Aristotle, Socrates, Epicurus. Nikawa naweka status kila siku. Ile watu wanayoipenda zaidi ni ya Aristotle, kwamba sisi ni yale tunayoyatenda mara kwa mara, na ubora si tendo bali ni mazoea. Sifoki tena. Presha imeshuka. Hata wateja wa kukopa nawakatalia bila ugomvi. Kwa hiyo, Shangazi, tafadhali usinijibu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu niachane nayo. Yameniponya.

Shida ilianza kwa mdogo wangu wa kiume. Alinipigia kuomba nauli ya kwenda kwenye usaili Dodoma. Badala ya nauli nikamtumia maneno ya Epicurus: mtu ambaye kinachotosha anakiona kidogo, hakuna kitakachomtosha. Nilidhani namjenga. Usaili hakwenda. Baada ya hapo nikajitoa kwenye grupu la familia, maana kila siku ni michango.

Halafu mwezi wa nne mtoto wa mdogo wangu wa kike akafariki kwa homa, akiwa na miezi saba. Nilisafiri usiku. Nilimkuta dada amekaa mkekani, kanga kichwani, wanawake wamemzunguka. Nikainama, nikamwambia kwa sauti ya chini maneno ya Epictetus niliyokuwa nimeyarudia njia nzima kwenye basi: "Usiseme umempoteza. Sema umemrudisha." Sikulia, nilikuwa nimejiandaa. Aliniangalia, akageuza uso ukutani. Karibu miezi mitano sasa hapokei simu yangu. Nisichokielewa ni kwamba shehe alisema palepale kuwa sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, watu wakaitikia, na yeye akaitikia. Maana si ileile?

Mama anasema siku hizi nikiongea ni kama mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. Mke wangu anasema anaishi na ukuta uliopakwa rangi vizuri.

Sasa dada ameachika, amerudi kwa mama na mtoto wake mkubwa wa miaka minne. Mama anataka baada ya Idd waje kukaa kwangu, na mdogo wetu wa kiume nimweke dukani. Siku ya Idd kutakuwa na kikao cha kulimaliza. Duka linatoa chakula na ada, basi. Kila mwezi namtumia mama 150,000. Naogopa kurudi nilikotoka: madeni, kufoka, vidonge. Nimeandika meseji ndefu ya kukataa yote, nikasema kila mtu abebe mzigo wake. Ina wiki ya pili kwenye simu sijaituma. Mke wangu nilipomweleza akasema, "Waje tu, angalau nitapata mtu wa kuongea naye."

Wale wazee wa Ugiriki wanasema maisha mema ni uadilifu na kutoyumbishwa na watu. Je, anayetaka utulivu aiache familia, au anayetaka familia auache utulivu? Na ile meseji, niitume?

Asiyeyumba, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Kwanza pole kwa mtoto. Naanza hapo kwa sababu katika barua yako yote sikuona mahali mtu yeyote alipokupa pole wewe. Ulikuwa mjomba wake, ulisafiri usiku kucha, ukafika ukaanza kazi ya kuwa imara. Inawezekana kabisa hakuna aliyekumbuka kwamba na wewe umefiwa.

Ninavyokuelewa ni hivi. Ulikuwa unazama, ukapata ubao, ukaelea. Sasa ndugu zako nao wako majini wanakuita, na unahofia kwamba wakiushika ubao huohuo mtazama wote. Hofu hiyo si ya kijinga, na mtu aliyewahi kupimwa presha kwa sababu ya madeni asiambiwe kirahisi kwamba "familia ni familia". Wala sitakwambia uache kusoma. Neno falsafa lenyewe tulilipata kwa Waarabu, nao walilitoa kwa Wagiriki. Limeshakaa kwetu siku nyingi.

Tuanze na swali lako la shehe, maana ndilo lililonikalisha. Umeuliza kama maana si ileile. Yasikilize tena maneno yale ya msibani: hakika *sisi* ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake *sisi* tutarejea. Shehe alijiweka ndani, na waliokaa pale, na marehemu, na mama yake. Wewe ulisema *wewe*. Ulimwinamia mama aliyefiwa ukampa kazi ya kufanya: usiseme hivi, sema hivi.

Na mwalimu wako hakuyasema maneno hayo ili mtu amwambie mwenzie. Epictetus mwenyewe hakuandika kitu. Mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyeyakusanya mafundisho yake, na kile kijitabu kidogo ambamo umeyatoa maneno ya "umemrudisha" ni cha mwanafunzi kujisemesha mwenyewe, kuhusu mali yake, mke wake, mtoto wake. Ni dawa ya kunywa. Ulipoibeba kwenye basi hadi Korogwe ukammiminia mwingine mdomoni, ikawa kitu kingine. Kurasa chache mbele, katika kijitabu hichohicho, anasema ukimwona mtu analia kwa huzuni usisite kumwonea huruma kwa maneno, na ikibidi uomboleze pamoja naye. Tahadhari yake ni moja tu, usiomboleze ndani ya nafsi. (Hilo la mwisho mimi linanishinda. Nimezika watu, na sijui mtu anaomboleza vipi kwa nje tu.) Lakini ona: hata mwalimu mkali kiasi kile angekuruhusu kulia pale mkekani. Kipande hicho sijakiona kikiwekwa kwenye picha za status.

Kuna kisa kingine chake nataka ukisome polepole. Mtu mmoja mwenye cheo alikwenda kumwona, akamsimulia kwamba binti yake mdogo alipougua sana, yeye baba alishindwa kuvumilia, akatoka nyumbani, akakaa mbali mpaka akaletewa habari kwamba mtoto amepata nafuu. Alidhani hayo ni mapenzi. Epictetus hakumfokea. Alimuuliza: mama yake naye anampenda? Anampenda. Je, naye angeondoka? Na yaya wake? Na mlezi wake? Kwa hiyo kama wote wanaompenda wangefanya kama wewe, mtoto angeachwa peke yake, afe mikononi mwa wasiomjali, kwa sababu tu wenye mapenzi naye wanampenda mno. Wewe hukukimbia, ulikwenda. Lakini nauliza, na jibu unalo wewe: ulipofika pale ulikuwa umefika kweli, au nusu yako ilikuwa imebaki kwenye basi ikikariri?

Naomba pia tuliguseguse hilo neno lako la kutoyumba. Wastoiko, kundi alilotoka Epictetus, walipata jina lao kutokana na *stoa*, ukumbi wa nguzo ulio wazi upande mmoja. Zeno wa Citium, mwanzilishi wao, alifundishia kwenye stoa moja ya Athens kuanzia mwaka 300 KK hivi, pembeni mwa uwanja wa soko. Yaani ni baraza, mwanangu. Utulivu wao waliufundishia barazani, mbele ya wachuuzi na wapita njia, palipo na kelele kuliko duka lako. Na Epictetus, ambaye jina lake lina maana ya "aliyepatikana", kama bidhaa, aliishi peke yake miaka mingi. Simplicius, aliyekifafanua kile kijitabu karne nyingi baadaye, anasimulia kwamba uzeeni alimchukua mtoto wa rafiki yake ambaye angetupwa kwa sababu ya umaskini, akamtafuta na mwanamke wa kusaidia kumlea. Mzee kiwete, mali hana, akajitwisha mtoto mchanga wa mtu mwingine. Sikusimulii hili ili likusukume uwachukue wote. Yeye alichukua mmoja, na hakuwa na ada za kulipa. Nakusimulia kwa sababu picha ya mtu asiyeguswa na watu, unayojaribu kuifuata, sina hakika umeitoa kwake.

Aristotle naye anasema wazi kwamba maisha yanayojitosheleza si ya mtu anayeishi peke yake, bali ya mtu pamoja na wazazi, watoto, mke, marafiki na raia wenzake. Na tukiwa kwake: ile status yako wanayoipenda watu si yake. Aliyeyaandika maneno hayo ni Will Durant, Mmarekani, mwaka 1926, akiufupisha mtazamo wa Aristotle. Ufupisho si mbaya, ila nimekutajia ili ujue kwamba mengi yanayozunguka kwenye simu yamekatwa, na mara nyingi kinachokatwa ni watu. Socrates hakuacha hata mstari mmoja alioandika, lakini kila siku naona picha yake na nukuu mpya.

Kuhusu nauli ya Dodoma. Siku ile unamtumia mdogo wako maneno ya Epicurus, ulikuwa na hiyo pesa? Kama ulikuwa nayo ukaona ajifunze kujitegemea, hayo ni mazungumzo ya kaka na mdogo wake, na yana mahali pake. Lakini kama hukuwa nayo ukaona aibu kusema "mdogo wangu, mwezi huu sina", basi falsafa ilitumika kama pazia. Kiswahili kina neno "sina". Halimdhalilishi anayelisema, na anayelisikia angalau anajua aende kwa nani mwingine kabla basi halijaondoka.

Sasa kikao. Umenipa njia mbili, kuacha familia au kuacha utulivu, na nadhani hofu ndiyo iliyozihesabu.

Ile meseji ukiituma, utapata nafuu jioni hiyo, siwezi kukudanganya. Duka litabaki salama. Lakini itasomwa kwa sauti mbele ya mama yako siku ya Idd, na dada yako ataisikia kama sentensi ya pili baada ya ile ya mkekani. Unaweza kuishi na hilo? Wapo wanaoweza. Ukikubali yote, kwa kimya, kwa sababu umeona aibu, basi baada ya miezi sita utakuwa unafoka tena, safari hii mbele ya mtoto wa miaka minne ambaye ameshaona vya kutosha. Njia zote mbili nimeziona zikifuatwa na watu wema.

Kuna kisa cha Socrates alichokiandika mwanafunzi wake Xenophon ambacho najiuliza kama umewahi kukutana nacho. Athens ilikuwa imetoka kushindwa vitani, raia wamegeukiana wenyewe kwa wenyewe, na mtu mmoja aitwaye Aristarchus akajikuta na watu kumi na wanne nyumbani: dada zake, wapwa, binamu, wote wanawake waliokuja kujihifadhi. Mashamba yameshikwa na maadui, nyumba hazina wapangaji, wa kumkopesha hayupo. Socrates alimkuta uso umekunjamana. Hakumpa nukuu. Alimuuliza: wanajua kufanya nini? Ikaonekana wanajua kufuma na kushona nguo, ila Aristarchus alidhani kwa kuwa ni ndugu zake, watu huru, haifai kuwatia kazini. Basi akakopa mtaji, akanunua sufu, wakaanza kazi. Xenophon anasema nyuso zilichangamka, na waliokuwa wakiangaliana kwa jicho la chini wakaanza kupendana. Kinachonichekesha ni mwisho wake: baadaye Aristarchus alirudi kwa Socrates akilalamika kwamba sasa wale wanawake wanamsema yeye, eti ndiye pekee mle ndani anayekula bila kufanya kazi.

Kisa hicho si dawa ya kila nyumba. Yeye alipata wa kumkopesha. Wewe mkopo ndio uliokuumiza. Lakini kinafungua maswali ambayo barua yako haikuyagusa. Dada yako anajua kufanya nini? Hukusema. Mdogo wako amesomea nini, na je, anaweza kushika daftari la mali inayoingia na kutoka, kitu ambacho wengi wenye maduka ya spea hawakifanyi vizuri? Kama ataingia dukani, mnaweza kukubaliana muda wa majaribio, malipo yanayojulikana, na nani anashika funguo, kwa maandishi, kabla hajapanda basi. Ndugu na droo ya pesa ni jambo la kuogopa hata pasipo falsafa yoyote.

Na hiyo 150,000. Aristotle, watu wanapomnukuu juu ya kiasi, hudhani alimaanisha katikati. Alitoa mfano wa chakula: kama mina kumi (mina ni kipimo cha uzito cha Wagiriki wa kale) ni nyingi na mbili ni kidogo, mwalimu wa riadha haagizi tu sita kwa kila mtu. Kwa Milo, yule mpiganaji mieleka mashuhuri, sita ni kidogo. Kwa anayeanza mazoezi ni nyingi. Kiasi chako hakijulikani na mama yako wala na mimi. Kinajulikana na hesabu ya duka lako, na sidhani familia imewahi kuonyeshwa hesabu hiyo. Wanakuona una duka. Ukienda kwenye kikao na karatasi ya mapato na matumizi, wapo watakaoshangaa, na pengine mama yako ndiye atakuwa wa kwanza kukutetea. Au hataelewa, akalia. Hilo nalo linawezekana.

Mke wako usimpite. Alilolisema limechekesha, lakini ndani yake mna malalamiko ya mtu mpweke. Yeye ndiye atakayepika kwa sufuria kubwa zaidi. Umemuuliza kwa makini, au ulimweleza tu?

Halafu kuna jambo ambalo nimelisoma mara mbili nione kama nimekosea. Umeandika kwamba *mama* anataka dada yako aje kwako. Hukuandika kwamba dada yako anataka. Mtu asiyepokea simu yako ataishi vipi chini ya paa lako? Inawezekana yeye ndiye asiyetaka kabisa, na mnajiandaa kugombania jambo ambalo mwenyewe hajaulizwa. Ndiyo maana nasita kuhusu kulianzia kikaoni. Kuomba radhi mbele ya wajomba na mashangazi kunageuka kesi. Yeye atalazimika ama kukusamehe hadharani, ama kuonekana ana roho ngumu. Ukienda siku moja kabla, peke yako, kuna hatari atafunga mlango. Hapo Epictetus atakufaa kwelikweli, maana kwenda na kusema "nilikosea" kumo katika uwezo wako, na kufunguliwa mlango hakumo.

Kama utakwenda, usiandae sentensi kwenye basi. Barua yako imemtaja Epictetus zaidi ya mara moja, lakini yule mtoto hukuniambia hata kama alikuwa wa kike au wa kiume, wala kama uliwahi kumpakata. Huenda ni kwa kulinda siri zenu. Huenda pia hujawahi kumuuliza mama yake habari zake. Muulize alikuwa anafanana na nani. Muulize alikuwa anacheka na nini. Akinyamaza, nyamaza naye. Na ukimkuta uani anachambua mchele wa sikukuu, vuta sinia la pili ukae chini.

Shangazi